Farasi wa Kobe

Siku kaka yake alipofariki, kompyuta ilibaki ikiwaka chumbani kwake mpaka jioni. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Miezi miwili baadaye dada mtu, fundi cherehani, ndiye aliyeiwasha tena, taratibu kama anayefungua barua ya mahakama.

Kisa kilikuwa jedwali. Katika kundi la wacheza michezo ya video mtandaoni, kaka yake aliitwa Kobe. Kila wiki walipima mchezo mmoja kwenye mifumo miwili ya kompyuta, ule wa kununua na ule wa bure, wakaandika jedwalini kila mmoja unatoa picha ngapi kwa sekunde, ili mwenye mashine chakavu ajue pa kukimbilia. Kobe aliandika kuwa mashine yake kuukuu ilitoa sitini kwa mfumo wa bure. Sasa mtu aliyejiita Rada alikuwa amepima kwenye mashine ya aina ile ile na mfumo ule ule, akapata arobaini na tatu. Akatangaza kuwa Kobe alipika namba, na kwamba ikifika saa sita mchana bila mtu kuthibitisha, mistari yake yote mia mbili ifutwe. Wengi waliafiki. Maiti hajitetei.

Dada aliomba ajaribu yeye. Mchezo ulichukua asubuhi nzima kujisasisha. Saa tano na nusu akaufungua, kundi zima likitazama skrini yake kupitia mtandao. Farasi wa mchezoni akatoka zizini, akavuka daraja, akasimama.

Arobaini na mbili.

"Pole, dada," Rada akaandika. "Njia ya mwongo ni fupi."

Mkono wa dada ulikuwa tayari kwenye swichi. Mlio wa kwato zile aliujua. Kila Jumamosi, akiwa kwenye cherehani, alizisikia kupitia ukuta zikipita darajani mara tatu, mpaka siku moja akamgombeza kaka yake: huyo farasi hana pengine pa kwenda? Kobe akamjibu kwa kupitia ukuta huo huo:

"Mara ya kwanza ni ya kupasha moto tu, dada. Mashine bado inaandaa picha. Kwani wewe huanzi kwa kujaribu kwenye kitambaa chakavu?"

Zilibaki dakika kumi na nane kufika saa sita. Akaandika kuwa anarudia. Rada akamdhihaki: mtihani gani huo unaorudiwa mpaka ufaulu? Farasi akavuka. Sitini. Akavuka tena. Sitini na moja.

Saa sita kasoro dakika mbili, Rada akaibuka.

"Nimerudia kwangu. Sitini. Mwanzo nilipima mara moja tu, nikaitangaza. Niwie radhi, dada."

Dada alilaza kichwa kwenye meza ya kaka yake, machozi yakalowesha vibonye.

Mistari ya Kobe ipo. Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, cherehani husimama, farasi huvuka daraja mara tatu, na dada huandika namba mbili za mwisho.