Duara la Penseli

Ukoo wangu mzima ulienea kwenye karatasi moja. Wanaume tulikuwa miraba, wanawake viduara, na kila aliyeugua kansa alipakwa weusi. Duara la binti yangu Adila lilikuwa jeusi tayari. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Mbona mimi nimechorwa kama boksi la samaki?" niliuliza.

"Ndivyo daktari anavyochora, Baba. Kaa tujaze."

Alikuwa amekuja Kerege asubuhi ile kutoka Dar es Salaam, akaniamkia, akatandika mkeka barazani kabla sijamaliza kumwitikia. Mwaka jana walimkata ziwa la kushoto. Sasa vipimo vya damu vilionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa urithi wa ukoo, na ungeweza kumrudia kwa mlango mwingine: ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Yeye na mumewe, Ashrafu, hawakuwa wamejaaliwa mtoto.

Nami tangu siku ya ndoa yao, kila nimwonapo Adila, salamu yangu ilikuwa moja: "Mchumba wangu yuko wapi?" Ndivyo sisi mababu tunavyowatania wajukuu wa kike. Wa kwangu nilimposa kabla hajatungwa.

"Daktari anasema zitolewe," alisema Adila. "Swali ni lini. Kama wanawake wetu waliugua ovari uzeeni, naweza kusubiri miaka miwili mitatu, nijaribu kuzaa kwanza. Kama waliugua wangali vijana, nisingoje." Akagusa kwa ncha ya penseli duara lililoandikwa Sikuzani. "Shangazi alikufa na nini?"

"Jini wa Mbegani..."

"Baba."

Kwa miaka thelathini nimewasimulia watu kwamba dada yangu Sikuzani alichumbiwa na jini wa bahari. Kwamba mahari ililetwa ufukweni ndani ya chaza saba. Kwamba aliyegawa kahawa harusini alikuwa pweza, vikombe vinane kwa mkupuo. Watoto walicheka hadi wakapaliwa, na Adila ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilikuwa mtunza stoo ya nyavu pale chuo cha uvuvi, najua kushona, na uongo ule niliushona tundu kwa tundu. Bila huo, kila nilipofumba macho ningeliona tumbo la dada yangu.

Sasa uongo mmoja zaidi ulitosha. Ningesema alikuwa na miaka sitini, na mchumba wangu angekuja. Neno lilikuwa tayari ulimini, limeoga, limevaa.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Nilitazama dera lake, upande wa kushoto ulivyolala bapa.

"Thelathini na sita," nilisema. "Tumbo lilijaa. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, sote tukadhani ni mimba. Bibi yako akashona vikofia viwili. Mimi nikawa namtania, namwita mama pacha. Akafurahi, mwanangu. Miezi miwili mizima alifurahi. Walipompasua wakakuta maji, na uvimbe kwenye ovari. Hakuuona mwezi wa Ramadhani."

"Na Bibi mwenyewe?"

"Ziwa. Alilificha ndani ya kanga mpaka harufu ikamsema."

Hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia, wala haikuwa na pweza.

Adila alivipaka weusi viduara viwili, taratibu, bila kuvuka mstari.

"Basi nisingoje," alisema. Hakuwa akiniuliza. Kisha akaongeza, "Ungeweza kunidanganya."

"Ningeweza."

"Ulifikiria?"

"Uongo ulikuwa umeshavaa hadi viatu."

Alicheka. Kisha kicheko kikamgeuka, nikamshika mabega mpaka mtikisiko ulipopita.

Alipoingia ndani kunawa uso, niliichukua penseli. Chini ya duara lake nikachora jingine, dogo, bila kukandamiza. Sijui nilitaka nini. Nilikuwa natafuta kifutio aliporudi akasimama juu yangu.

"Huyu nani?"

Nilimrudishia penseli.

Akaketi. Akakichukua kifutio, akakishikilia juu ya lile duara kwa muda mrefu, kisha akakirudisha mkobani na kuikunja karatasi.

"Daktari ataliulizia," alisema.

"Mwambie mzee wako hajui kuchora."

Akaegemeza kichwa begani pangu, kama alivyofanya alipokuwa mdogo na usingizi ukimnyemelea.

"Nisimulie harusi yenu," alisema. "Yako na huyo. Na pweza awepo."

Nilifungua kinywa. Pale pale adhana ya adhuhuri ikaanza katika msikiti wa kando ya barabara, nasi tukanyamaza, tukingoja imalizike.