Risasi ya Sebuleni

Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani yake sebuleni, akipinda sketi za sare za shule, mumewe alipoingia akauliza nani amehamisha funguo za gari, akachomoa bastola na kumpiga risasi. Risasi ilitoka vizuri. Mlio ulisikika mpaka barabarani, moshi ukapanda, vyombo vikatikisika kabatini. Ila ilipofika juu ya meza ndogo katikati ya chumba ilipunguza mwendo, ikaendelea kumwendea Fundi taratibu, kana kwamba iliwahi kufunzwa kuwa haraka haraka haina baraka.

Mume huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Nondo kwa sababu ya duka lake la vifaa vya ujenzi, aliitazama akasema, "Kumbe." Kisha akazikuta funguo kwenye mfuko wake mwenyewe, akaondoka.

Fundi alimaliza pindo, maana sare zilikuwa zinatakiwa Jumatatu. Halafu akachukua futi aliyokuwa akipimia wateja viuno, akapima kutoka ncha ya risasi hadi kifuani pake. Kesho yake akapima tena. Ilikuwa imesogea upana wa kidole. Alipohamisha kiti, iligeuka. Alipoweka pasi ya chuma mbele yake, pasi ilitoboka, na tangu siku hiyo nguo za wateja zilipigwa pasi kwa jirani.

Mama mkwe, aliyeishi nao, aliizoea mapema. Mwanzoni alikuwa akiinama kupita. Baadaye akawa anaitundikia mtandio wake.

"Mwanangu ana hasira za baba yake," alisema, "lakini akili anazo."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, ila bibi huyu alikuwa na bahati yake: siku zote walilia wengine. Nondo alikwisha kumvunja taya dereva wa lori lake kwa kipande cha bomba. Alimpiga mbwa wa jirani risasi ya jicho kwa kosa la kubweka. Kidole kidogo cha Fundi kilikuwa kimepinda tangu Nondo alipokibana mlangoni, akiusukuma mlango kwa bega, bila haraka, mpaka mfupa ukalia. Kati ya mambo hayo yote hakuna lililomlaza Nondo hospitali. Waliolala hospitali walikuwa dereva na Fundi.

Fundi alitoroka mara moja, akaenda kwa dada yake upande wa pili wa mji. Risasi ilitoboa ukuta ikamfuata, na kwa kuwa alikuwa mbali, iliongeza mwendo, ikatembea kando ya barabara kwa mwendo wa mtu mzima anayekwenda kazini. Watu waliipisha. Nondo alikuwa na gari, kwa hiyo alitangulia kufika. Alivunja mlango kwa teke, akampiga yule dada kwa kitako cha bastola mpaka meno yakabaki sakafuni, akamburuta mkewe kwa nywele kwenye ngazi, kichwa kikigonga kila kidato. Wakati wa kurudi walikutana na risasi kwenye makutano ya barabara. Nondo alisimamisha gari, akaipisha ivuke. Hakuwa mtu wa kuvunja sheria za barabarani.

Muda mfupi baadaye redio ilitangaza sheria mpya: silaha ziondolewe katika nyumba za watu wenye matatizo ya akili. Fundi alisimamisha cherehani asikie vizuri. Alifurahi, na hakuwa amefurahi siku nyingi. Aliamini kwamba bastola ikitoka nyumbani, risasi itakosa mwenyewe na kuanguka sakafuni kama kifungo kilichokatika uzi. Alivaa viatu vizuri akaenda ofisi ya leseni za silaha.

"Mume wangu ana bastola," alimwambia karani. "Kanipiga nayo risasi."

"Pole, mama. Imekupata wapi?"

"Bado haijafika."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi ikishafika uje tufungue faili. Baba huyo amewahi kulazwa wodi ya akili?"

"Hapana. Yeye huwalaza wenzake."

"Hilo ni la polisi, mama, si la kwetu. Sisi tunaangalia wodi. Hakuna mtu yeyote pale nyumbani aliyewahi kulazwa?"

Hapo Fundi alifanya kosa ambalo hulifanya watu waliolelewa vizuri: alijibu swali aliloulizwa. Alisema kwamba yeye mwenyewe, mtoto wake wa pekee alipofariki akiwa mchanga, aliacha kula na kuongea, akaenda wodi ile kwa miguu yake, wakamtunza, akapona. Aliwashukuru sana wale wauguzi, hata akawashonea mapazia.

Karani alisogeza kiti karibu na meza. "Ungeanza na hilo, mama," alisema.

Ofisi haikumwonea mtu. Nondo naye aliitwa kupimwa na daktari, na Fundi akaambiwa akae kwenye benchi nyuma ya mumewe. Nondo alivaa shati jeupe. Alitaja tarehe ya siku ile, jina la daktari na bei ya saruji.

"Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" aliuliza daktari.

"Hapana. Hata za wengine huwa sizisikilizi," Nondo alisema, wakacheka wote wawili. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza, "Nilimpiga risasi mke wangu, daktari. Iko njiani."

"Wakati ule ulikuwa unajua unachofanya?"

"Nilijua vizuri sana."

"Ulijua ni yeye?"

"Nani mwingine?"

Daktari aliandika kwamba mtu huyu ana akili timamu. Fundi alipomtazama, daktari alishindwa kumtazama. "Mimi nimepewa kazi ya kupima ugonjwa, mama," alisema. "Hasira sijapewa."

Wiki hiyo hiyo maofisa wawili walikuja nyumbani. Waliizunguka risasi kwa adabu, mmoja akisema ni ya milimita tisa, mwenzake akikubali. Bastola ya Nondo waliikagua, wakaisifu kwa usafi, wakamrudishia, kwa sharti aifungie mahali ambapo mgonjwa hawezi kuifikia. Halafu wakachukua mkasi mkubwa wa Fundi, ule wa kukatia vitambaa, na wembe wake wa kufumulia nyuzi, na visu vya jikoni.

"Ni kwa usalama wako, dada," alisema mmoja.

"Nitakatia nini?"

Ofisa alifikiri. "Meno huna?"

Alikuwa nayo mengi bado. Tangu hapo Fundi alichana vitambaa kwa mikono na kukata nyuzi kwa meno. Kazi ilipungua, wateja wakawa wanalalamikia kingo zilizochanika, lakini gauni moja la bibi harusi lilibaki, nalo alitaka liwe zuri.

Risasi iligusa kifungo cha blauzi yake asubuhi, akiwa anashona mkono wa kushoto wa gauni. Baadaye watu walisema alikuwa jasiri. Hawakumwona. Aliogopa sana, alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikakatika, akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Risasi iliingia kwa mwendo wake uleule. Mbavu zilipasuka kwa sauti iliyosikika jikoni, na damu ikashuka mapajani, ikajaa viatuni.

"Mama," alimwita mkwewe, "lisogeze hilo gauni, lisichafuke."

Mama mkwe alilisogeza, akarudi kwenye mboga zake. Fundi alilivuta tena upande wa mkono tu, akashona mpaka mwisho, akauma uzi. Alasiri alikuwa amekufa. Gauni lilitoka jeupe.

Kifo chake kilitajwa redioni kuwa ushahidi kwamba mtu aliyewahi kulazwa wodi ile na silaha havifai kukaa nyumba moja. Nondo alipewa pole. Kwa kuwa nyumba sasa haikuwa na mgonjwa, karani mwenyewe alileta mkasi, visu na wembe, vikiwa vimetiwa mafuta visishike kutu. Leseni ilipokwisha, iliongezwa.

Risasi ilikuwa imetokea mgongoni siku ya maziko, kabla mwili haujatolewa sebuleni, na waombolezaji walipoondoka, mama mkwe aliifuta kwa kitambaa kibichi. Ilibaki juu ya kiti cha cherehani, haielekei popote.

Nondo alioa tena mwaka huohuo. Mke mpya alikuwa msusi, mtu mchangamfu. Mama mkwe alimpitisha nyumba nzima, akamwonyesha jiko, bafu na mahali pa kuanikia nguo. Walipoingia sebuleni, risasi iligeuka.

Msusi aliitazama kidogo, akaweka kikapu chake cha vitana mezani.

"Inakwenda haraka?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu," alisema mama mkwe. "Utapata muda wa kufanya mambo yako."