Lori Lirudi Pipani

Watu wa Tarrow hawaendi kwenye mkutano mkuu wa ushirika wa umeme kwa sababu ya umeme. Wanakwenda kula kambare wa kukaanga, kuchukua ndoo nyeupe yenye balbu na kijiti cha kuulia nzi, kusikiliza wanaume wanne wakiimba nyimbo za kanisani, na kungoja bahati nasibu. Mshindi akishatajwa, hao, kila mtu na ndoo yake, kama kuku waliofunguliwa banda. Ajenda zilizobaki huachiwa wakurugenzi, nao huzipitisha wao kwa wao kabla barafu haijayeyuka kwenye chai.

Bwana Coy Ledbetter, meneja wa ushirika, aliijua tabia hiyo vizuri mno. Ndiyo maana mwaka huu pia aliiweka bahati nasibu mbele na kura nyuma. Tena mwaka huu zawadi haikuwa televisheni wala mapaja ya nguruwe. Ilikuwa lori la mafundi lililostaafu, lenye mkono wa chuma na kikapu cha kumwinua mtu mpaka juu ya nguzo. Lilikuwa limeegeshwa nje ya ukumbi wa michezo wa shule, limeoshwa likang'aa, na wanaume wazima walikuwa wakilizunguka na kulipapasa bila haya.

Retha Maupin alikuwa safu ya tatu, sahani mapajani, hajagusa kitu.

"Mbona huli?" aliuliza Odella, mama mkwe wake.

"Hakishuki, mama."

"Kishushe. Ukianguka kwa njaa hapa, Coy atasema Mungu amejibu."

Retha na mumewe Lonnie walikuwa na kampuni ndogo ya mtandao wa intaneti. Waya wao ulikuwa umelala ghalani, umeviringwa kwenye magurudumu makubwa ya mbao, ukingoja kupelekwa Bonde la Sallow, ambako mpaka leo mtoto wa shule akitaka kutuma kazi yake kwa mwalimu hupelekwa kwa gari hadi uwanja wa kanisa la mjini kutafuta mtandao. Nguzo za umeme zilikuwepo tayari bondeni, zimesimama barabara nzima. Kilichotakiwa ni kuutundika waya tu. Lakini Coy alisema: kodi ya kila nguzo, mara tatu ya wanayotozwa wengine kaunti za jirani. Na kila nguzo ya ushirika iliyooza, Retha anunue mpya kwa pesa zake.

Kampuni kubwa za umeme za mijini haziwezi kufanya hivyo. Serikali imeziwekea kanuni. Ushirika wa wanachama hauguswi na kanuni hizo, kwa kuwa unajitawala wenyewe. Basi Retha akaona, kama wanachama ndio serikali, watunge kanuni wao. Alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini, akafukuzwa na mbwa wa kila rangi, mpaka pendekezo lake likaingia kwenye ajenda. Kikwazo kimoja kilibaki: akidi. Pendekezo la mwanachama likipigiwa kura, lazima viti viwe na watu wa kutosha, la sivyo pendekezo linakufa mpaka mkutano wa mwaka ujao. Na mwaka ujao usingemkuta na kitu, maana pesa za jimbo zilizonunua waya zilikuwa na sharti: usipotundikwa kabla ya theluji, unachukuliwa kwenda kaunti nyingine.

Coy alilizungusha pipa la tiketi kwa mbwembwe zote. Mmoja wa waimbaji akatia mkono, akatoa kijikaratasi, akakisogeza mbali na macho ili akisome.

"Retha Maupin!"

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, na wengine wakaguna kwa wivu wa wazi. Lonnie, mtu asiyeweza hata kuagiza kahawa bila kuona haya, alimshika mkewe begani kwa nguvu mbele ya watu wote. Goti lake lilikuwa limekwisha kwa miaka ya kupanda ngazi, na lori kama lile walikuwa wakiliota tu.

Kwa desturi ya Tarrow, mshindi hupanda jukwaani, hupewa ufunguo, na husema maneno mawili ya shukrani. Retha alipanda. Nyuma yake alisikia viti vikikwaruza sakafu na ndoo zikigongana. Mlango mkubwa ulikuwa umefunguliwa na watu walikuwa wakitoka.

Coy alimkabidhi ufunguo akitabasamu. Akasema kwa sauti ya chini, "Hongera, Bi Retha. Lori umepata. Imebaki nguzo tu."

Retha alikasirika. Alikasirika hasira nzuri, ile inayomtuliza mtu mikono. Aliutazama ufunguo, na haikuwa rahisi; roho ilimuuma kama jino. Lakini lori la kupandia nguzo ambazo huruhusiwi kuzigusa ni la kuchumia matufaha tu. Akakisogelea kipaza sauti.

"Jamani, silichukui lori," alisema. "Nalirudisha pipani. Litachezwa upya, kwa kila mtu aliye humu ndani, mara tu tukimaliza kura. Aliyetoka ametoka."

Kisha mama mmoja karibu na mlango, ndoo mkononi, alipiga kelele kuelekea nje, "Harlan! Zima gari! Lori limerudi!"

Sikwambii yaliyofuata. Waliokuwa wamefika kwenye magari waligeuka. Waliokuwa wamewasha injini walizima. Kuna jamaa alikuwa ameshafika kituo cha petroli, akapigiwa simu na dada yake, akarudi na kitambaa cha kulia kambare bado shingoni. Mlango uliokuwa ukitema watu ukaanza kuwameza.

Coy alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mwenyekiti, hili haliwezekani! Bahati nasibu imekwisha!"

Mwenyekiti alikuwa mzee Verlin Tackett, mfugaji wa bata mzinga, mtu wa maneno machache na kofia isiyovuliwa. Alijikuna kidevu.

"Coy, lori ni la nani sasa?"

"La... lake. Ufunguo anao."

"Basi anaweza kulitia hata mtoni, siyo kazi yangu." Akamgeukia Retha. "Lakini mwanangu, niambie kweli. Hii siyo hongo?"

"Hongo ni nikikwambia upige kura gani, mzee. Mimi nasema mtu akae kitini tu. Anayenipinga na anipinge, na lori anaweza kulipata yeye."

"Mimi nakupinga!" alipaza sauti mwanamume mmoja nyuma. "Na lori nalitaka!"

"Kaa basi, mpenzi wangu," Odella alimjibu bila kugeuka, "usije ukakosa vyote viwili."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Verlin alihesabu safu kwa kidole, akarudia. "Akidi imetimia," alisema. "Tena imezidi. Haijapata kutokea tangu nivae kofia hii. Retha, sema yako."

Hakuwa ameandaa hotuba. Aliongea kama anavyoongea jikoni kwake.

"Sitaki bure. Kodi nitalipa. Nguzo ni ndefu, nami nataka nafasi ya upana wa kiganja, basi nilipie kiganja, nisilipie nguzo nzima. Nikileta maombi nijibiwe ndani ya mwezi, siyo nikae mwaka nikingoja simu. Na nguzo ikiwa imeoza yenyewe, mwenye nguzo ainunue. Nikitundika koti kwenye msumari wa nyumba yako, utaniambia nikujengee ukuta?"

"Na bili zetu?" aliuliza bibi mmoja mwenye miwani minene, kwa upole. "Coy anasema zitapanda."

Lilikuwa swali la haki, na Retha alilijibu kwa haki. "Leo ushirika unapata nini kutoka Bonde la Sallow, mama? Sifuri, maana hakuna anayemudu bei hiyo. Kodi ndogo inayolipwa ni kubwa kuliko kodi kubwa isiyolipwa. Na nguzo iliyooza itawaangukia tu, na mimi au bila mimi."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Verlin akaita kura ya mikono.

Retha alifumba macho, hakuthubutu kutazama. Alichosikia kwanza ni nguo zikichakarisha, safu baada ya safu. Alipofumbua, mikono ilikuwa imejaa ukumbini, ya wakulima, ya walimu, ya vijana, na pale ukutani, mikono ya mafundi wa Coy mwenyewe, wamevaa sare, wanamkwepa bosi wao macho. Hata yule mpinzani wa nyuma aliuinua wake, ingawa nusu.

"Wanaopinga?"

Coy alinyanyua wa kwake. Wakurugenzi wawili wakamsaidia kwa aibu.

"Limepita!" Verlin aligonga meza mpaka chai ikamwagika, na kelele zilizozuka zingeweza kuezua paa. Lonnie alikuwa analia waziwazi, yeye mwenye haya. Odella alimbana Retha kifuani akimwita binti yangu, binti yangu, neno ambalo hakuwahi kulitumia tangu siku ya harusi.

Lori lilichezwa upya, likaenda kwa yule bibi wa miwani minene, ambaye hajawahi kuendesha gari. Aliliuza kwa Harlan kabla jua halijatua. Retha alilitazama likiondoka na likamuuma, hakuna haja ya kudanganya.

Wiki iliyofuata Bonde la Sallow lilitoka lote. Watu walileta viti na vyakula, wakakaa kando ya barabara kama wako harusini. Mafundi wa ushirika walikuwa wamekwisha kung'oa nguzo mbovu ya kwanza na kusimamisha mpya, kwa gharama ya ushirika. Retha aliegemeza ngazi yake ya mbao, akajifunga mkanda, akapanda mwenyewe na ncha ya waya begani.

"Unaona nini huko juu?" Odella alimwita kutoka kitini.

Retha aligeuza kichwa kufuata barabara, mpaka inapopinda na kupotea mlimani.

"Nguzo, mama!" alipiga kelele. "Naona nguzo tupu, na zote ni zetu!"