Koili ya Mkaguzi wa Mizani

Gari lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, mbele ya duka la magodoro, saa tatu kasorobo asubuhi. Halikukohoa, halikutikisika, halikutoa moshi. Lilikuwa linakwenda, kisha likawa haliendi. Mkaguzi wa mizani alizungusha ufunguo mara sita. Starta ilizunguka vizuri tu, lakini injini haikujibu. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa kiti cha pembeni na mkoba wa safari mapajani. Alikuwa anapelekwa kituo cha mabasi. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, mbali, mwendo wa siku nzima, na juzi yake alikuwa amepiga simu akasema neno moja tu, "Njoo." Ruhusa ya kwenda ilikuwa imetoka asubuhi hiyo hiyo, kwa shingo upande, mume akiwa anafunga kamba za viatu.

Fundi, ambaye alisoma darasa moja na mume, alifika na mfuko wake wa spana. Alifungua boneti, akaigusa koili, akarudisha mkono haraka.

"Hii imekwisha," alisema. "Imeungua yote. Ndiyo maana plagi hazipati moto. Ila ngoja tupime tuwe na hakika. Shemeji, hebu nishikie huu waya."

Mshonaji alishuka akaushika ule waya mnene kwenye ncha, kama alivyoelekezwa. Mume alikuwa kwenye usukani. Kabla hajazungusha ufunguo alitoa kichwa dirishani.

"Mama watoto, safari ndiyo basi tena. Nina maduka kumi na moja ya kukagua wiki hii, na sina gari."

Mshonaji alimeza hasira, kama alivyozoea. Mume akazungusha ufunguo, cheche ikatoka vidoleni mwa mkewe, ikapita kwenye waya, na injini ikawaka. Mwenyewe hakusikia maumivu yoyote, ila joto kidogo kwenye kiwiko.

"Moto wa bluu," alisema fundi, akifuta mikono. "Mzuri. Ukiwa wa njano ndiyo mbovu."

"Koili mpya inapatikana?" aliuliza mume.

"Dukani zimejaa. Lakini za nini, na hii unayo?"

Mume akaona ni kweli. Fundi alitoboa tundu chini ya dashibodi, akapitisha waya hadi kiti cha pembeni, akauviringishia mpira ili usikwaruzwe na bati. Mkoba wa safari ukawekwa nyuma. Siku hiyo yalikaguliwa maduka manne.

Tangu hapo mshonaji alitoka na mumewe kila asubuhi. Mumewe alikuwa mtu wa kiguu na njia: leo buchani, kesho kwenye maghala ya nafaka, akibeba sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mnunuzi anapata kilo yake kamili, na aliifanya bila upendeleo. Muuza unga aliyepunja gramu ishirini alifungiwa duka wiki nzima. Mshonaji alisubiri garini, waya mkononi, kwa sababu injini ikizimwa ilikuwa taabu kuiwasha. Cherehani yake ilishika vumbi. Wateja walikuja wakakuta mlango umefungwa, wakapeleka vitambaa kwingine.

"Una bahati, wifi," alisema dada wa mume. "Wenzio tunashinda ndani, wewe unatembezwa."

Mume hakuwa mjinga. Wiki ya pili tu alishagundua jinsi moto ule unavyofanya kazi. Kwenye tambarare alinyamaza. Kwenye mlima, gari likianza kulemewa, aliongea. "Kwenu mnapenda sana kuumwa," alisema siku moja, na gari likapanda kama halina mzigo. Siku nyingine alisema kwamba mama mkwe angekuwa hoi kweli asingekuwa na nguvu za kupiga simu. Hiyo iliwavusha hadi kileleni kwa gia ya nne. Alisema hayo bila chuki, kama mtu anayekanyaga mafuta.

Askari wa barabarani aliwahi kuwasimamisha. Alizunguka gari, akatazama matairi, akapima taa, kisha akauona waya.

"Huyu mama hapa?"

"Koili," alisema mume.

Askari aliinama dirishani, akamtazama mshonaji vizuri, usoni na begani.

"Mbona hajafunga mkanda?" aliuliza.

Mshonaji akafunga mkanda.

Mama yake alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa sauti ilikuwa imepungua kidogo.

"Gari halijapona, mwanangu?"

"Limepona, mama."

"Basi mbona huji?"

Wenye ndimi nyepesi watasema alikuwa na miguu, angepanda basi akaenda. Watasema hivyo kwa kuwa wao hawajakaa miaka ishirini na sita katika nyumba ambayo mtu huaga, hujibiwa, ndipo huvaa viatu. Alikuwa hajawahi kuvuka mzunguko ule wa barabara bila kuambiwa "haya, nenda," na aliyepaswa kusema hivyo alihitaji koili.

Akanunua koili mwenyewe, kwa akiba ya sare za mwisho alizoshona. Aliipeleka kwa fundi ikiwa bado kwenye boksi. Fundi aliigeuzageuza, akaisifu, akamrudishia.

"Siwezi kukufungia, shemeji. Mwenye gari amesema tusibadilishe. Na mimi kama fundi nakwambia kweli, hakuna koili ya dukani inayochoma hivi."

Jioni mume alilikuta boksi mezani. Kesho yake alimpa mkaguzi mwenzake, ambaye hakuwa ameoa.

Ndipo mshonaji alipoamua kusamehe. Haukuwa wema, na hakujidanganya kwamba ni wema. Alitaka moto uzimike. Kila alipoketi kitini alikumbuka jambo moja jema alilowahi kutendewa na mumewe. Aliyapata matatu: mwavuli, meno yaliyong'olewa akiwa ameshikwa mkono, na wimbo fulani wa zamani za uchumba. Siku ya tatu gari lilianza kukwamakwama. Siku ya nne liliwazimikia mara mbili mbele ya ofisi, wakubwa wakiona.

Mume aliogopa. Mtu akiogopa huwa mkarimu.

"Jumamosi nakupeleka kwa mama yako," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa gari hili. Sikutanii."

Ilikuwa Alhamisi. Mshonaji alipiga simu kwao. Upande wa pili mama alicheka, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi, akasema atakaa nje kwenye kiti aone gari likiingia. Ijumaa alipiga pasi nguo zake zote, hata zisizohitaji. Jumamosi aliketi kitini mwake alfajiri imeshapambazuka, akafunga mkanda, akashika waya. Mume akazungusha ufunguo. Starta ilizunguka vizuri tu.

Fundi alipokuja, aliusogeza waya karibu na bati ili apime. Haikutoka cheche, si ya bluu wala ya njano.

"Shemeji, una nini leo?"

"Nina furaha," alisema mshonaji.

Fundi alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. "Basi hapo hakuna ninaloweza."

Mume alitazama saa. "Tumejaribu," alisema. "Hatuendi."

Waya ulilia mkononi mwa mshonaji, nyusi moja ya fundi ikaungua, na injini ikanguruma.

"Limewaka!" alisema mshonaji. "Baba watoto, twende sasa."

"Twende wapi?" Mume alisema kwa upole, akimweleza jambo lililo wazi. "Tukishika njia tu utafurahi. Litatuzimikia porini, tutalala huko."

"Basi nipande basi."

"Halafu wiki nzima mimi nitembelee nini?"

Alichukua sanduku lake la mawe. Kulikuwa na bucha moja aliyokuwa hajaimaliza, na hakupenda kupoteza moto uliokwisha kuwaka. Mchana ule, mwendo wa siku nzima kutoka hapo, kikongwe alikaa kwenye kiti nje ya mlango hadi jua likazama, kisha akaomba arudishwe ndani.

Alikufa Jumanne. Simu ilimkuta mshonaji garini, mbele ya ghala la nafaka. Alisikiliza, akasema "sawa," akaikata. Hakuna aliyekanyaga mafuta, lakini injini ilipanda yenyewe, ikapiga kelele hadi wapagazi wakatoka nje. Mume alikuja mbio. Alipoambiwa, alivua kofia.

"Msiba ni msiba," alisema. "Twende sasa hivi."

Ruhusa haikuwahi kutoka upesi namna ile. Walisafiri mchana kutwa. Kwenye milima mume hakuhitaji kusema kitu. Gari lilipita mabasi, likapita malori, na mara mbili alilazimika kushika breki likiwa linapanda. Walipofika, kabla hajamsalimu yeyote, aliwaambia wanaume waliokuja kuwapokea kwamba ana miaka kumi na minane na gari hili na hajawahi kuliona likikimbia hivyo. Wanaume walilizunguka, wakaligongagonga, wakakubali kwamba vya zamani ni vya zamani.

Walizika kesho yake asubuhi. Watu wakatawanyika, mshonaji akabaki amepiga magoti, mikono kwenye udongo, analia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mzunguko wa barabara. Mume alimwacha kwa muda wa heshima. Kisha akamgusa begani.

"Inuka, mama watoto. Ukilia yote yakaisha, tutashindwa kuwasha."

Akainuka. Alikung'uta magoti, akaingia garini, akafunga mkanda, akashika waya. Injini iliwaka mume akiwa bado anautafuta ufunguo mfukoni.

"Nao huu si lazima tena," alisema mume, akauacha huko huko mfukoni, akaondoa gari.