Ufunguo wa Shingoni mwa Martini

Kompyuta ya duka la darizi la Eufrasia, pale Ujiji, haikufungua programu ya kuchorea nembo mpaka ichomekwe ufunguo wake: kifaa cheusi mfano wa flashi, kilichokuja boksi moja na mashine. Bila ufunguo huo kioo kiliandika kwamba mwenye idhini hayupo, na mashine ikabaki kama meza. Kwa hiyo Martini, mume wa Eufrasia, aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata akienda kuoga.

Alikuwa ameuvaa siku alipopanda boti kupeleka sweta za shule Kagunga. Boti ilikuwa ya watu ishirini. Mwenye boti, Mzee Eliakimu, alipakia arobaini na mmoja, akaandika ishirini. Ilipinduka kabla ya kufika. Ziwa lilirudisha sweta zote, Martini halikumrudisha. Eufrasia alipokwenda kuomba cheti cha kifo, karani alipitisha kidole kwenye orodha ya abiria mara mbili.

"Mama, huyu hakusafiri."

"Nilimsindikiza mwenyewe."

"Orodha haina jina lake. Asiyesafiri hawezi kuzama."

Watengenezaji wa programu, huko ng'ambo, nao walijibu kwa barua pepe kwamba ufunguo ukipotea hautolewi mwingine. Ndipo Eufrasia akaenda mtaa wa Mwanga kwa Dismasi, fundi kompyuta.

Dismasi alisema njia ipo. Miaka miwili nyuma, Martini alipopeleka kompyuta kusafishwa, Dismasi aliusoma ule ufunguo na kuhifadhi nakala ya yaliyomo, kwa tahadhari tu. Sasa angeweka programu ndogo ya kuigiza: kompyuta ikiuliza kama ufunguo upo, ile programu inajibu upo.

"Haitajua tofauti," alisema.

Aliiweka Jumatatu, saa tatu asubuhi. Kompyuta iliuliza, ikajibiwa kwamba ufunguo upo, na kwa kuwa ufunguo ulikaa shingoni mwa Martini, Martini akawa amekaa kwenye kiti chake, amevaa shati la bluu ambalo Eufrasia alishaligawa baada ya matanga. Dismasi alimsalimia, akakunja waya zake. Alisema hutokea, hasa kwa programu za zamani.

Eufrasia alimshika mumewe mkono. Ulikuwa na joto. Alilia kidogo, kisha akamtajia kazi zilizolala.

Lakini nakala ilikuwa ya miaka miwili nyuma, na Martini naye alikuwa wa siku ileile. Hakujua habari ya boti. Alimwona mtoto chini ya meza akitafuna kitambaa, akauliza ni wa nani.

"Wako. Anaitwa Wema."

Martini alimtazama mkewe tumboni. "Jana lilikuwa limeanza kuonekana," alisema.

"Nilijifungua."

Alimpakata mtoto, akamhesabu vidole, akamnusa utosi. Saa nane umeme ulikatika, na Wema akaanguka juu ya nyuzi. Tangu siku hiyo Eufrasia hakumruhusu baba kumbeba mtoto ila akiwa amekaa mkekani.

Kila asubuhi kompyuta ilipowashwa Martini alianza upya. Aliuliza mtoto ni wa nani, akaambiwa, akamhesabu vidole. Baada ya miezi mitatu Wema alishajifunza kuwahi. Alisimama mbele ya kiti baba yake akitokea, akasema, "Mimi wako," kisha akanyoosha mikono ahesabiwe.

Yule karani alikuja kuchukua joho lake la kwaya. Alimsalimia Martini, akapima joho mabegani.

"Si nilikuambia, mama? Hakusafiri."

"Muulize aliingiaje humu."

"Aliyeketi mbele yangu nimwandikie kifo?" Alirudi ofisini, akafunga faili.

Eufrasia alimsimulia mumewe yote, mara moja tu. Martini alisikiliza kwa makini, akauliza wamekufa wangapi, akasikitika sana kwa ajili ya wale watu. Kesho yake hakuwa na habari, na Eufrasia hakusimulia tena.

Mwezi uliofuata Mzee Eliakimu aliingia dukani na mashati kumi ya mabaharia wa boti yake mpya. Alitaka jina la boti kifuani, kwa uzi wa dhahabu.

"Shikamoo, mzee," alisema Martini.

"Marahaba, Martini. Hujambo?"

"Sijambo. Boti mpya inakwenda wapi?"

"Kagunga. Alhamisi."

"Nina sweta za kupeleka kule. Nitapata nafasi?"

"Nafasi haikosekani. Wewe njoo tu."

Eufrasia aliweka mkasi chini. "Andika jina lake, mzee. Hapa hapa, nione."

"Tutaandika hukohuko botini, mwanangu."

Martini alimshukuru. Alichora herufi vizuri, akazipindisha kidogo kama mawimbi, na mzee akasema kweli fundi ni fundi. Saa kumi mashati yalikuwa tayari. Eufrasia aliyakunja moja moja, akayakabidhi kwa mikono miwili, kama anavyomkabidhi mteja yeyote.

Alhamisi hakuwasha kompyuta mpaka saa sita, boti ilipokwisha ondoka na watu wake wote, walioandikwa na wasioandikwa, ingawa alijua vizuri kwamba Martini asingekumbuka kuwa alikuwa na safari.