Chungeni Midomo Yenu

Huwaria alitangaza mezani, Ijumaa, bakuli la kuskusi likiwa katikati, kwamba anataka kuwa polisi. Nilicheka mpaka kijiko kikaniponyoka.

"Mama, siyo utani. Nafasi zimetangazwa. Na mwakani umri utakuwa umenipita."

Nikaacha kucheka. Huyu ni binti yangu wa pekee, na tangu akiwa mdogo alikuwa anapanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa, kisha anawauliza wenyewe mbona wamechelewa. Kama kuna mtu alizaliwa polisi katika mji wote wa Orani, ni yeye. Tatizo ni mahali alipozaliwa.

Jengo letu lina ghorofa tano zilizozunguka ua mmoja, na katika ua huo polisi hajawahi kupewa jibu la maana. Akiuliza njia anaonyeshwa bahari. Anayemwambia polisi kitu chochote juu ya jirani huitwa muuzaji, na muuzaji hasalimiwi mpaka afe. Mimi mwenyewe ni mmoja wa walioilinda sheria hiyo. Miaka ishirini iliyopita walikuja kumtafuta mdogo wangu Kada, aliyekuwa anauza miwani ya jua barabarani bila kibali. Nilisimama mlangoni, mikono imejaa unga, nikawaambia Kada yuko Marseille. Kada alikuwa ndani ya kabati langu, katikati ya mablanketi, na akapiga chafya.

"Ni paka," nikasema.

Wakaondoka. Hadithi hiyo bado inasimuliwa kwenye harusi.

Basi, mama wa namna hiyo ndiye aliyeanza kumwandaa polisi. Saa kumi na moja alfajiri Huwaria anashuka ngazi mbio, mimi nyuma yake na kanzu ya kulalia chini ya koti. Yeye anakimbia kando ya bahari, mimi nimekaa kwenye benchi na ile saa ya jikoni ya kuchemshia mayai. Ikilia kabla hajarudi, namzomea. Jioni navaa miwani ya baba yake, ambaye ni dereva wa lori la jangwani na nyumbani huonekana kama mgeni, nakaa upande wa pili wa meza, mimi ndiye mwenyekiti wa usaili.

"Binti, kwa nini unataka kuwa polisi?"

"Kwa sababu napenda utaratibu."

"Jibu baya. Sema unaipenda nchi."

"Naipenda nchi ikiwa na utaratibu."

"Toka nje, uingie tena."

Akafaulu mtihani wa kuandika. Akafaulu mbio, akafaulu kwa daktari, akafaulu na usaili wenyewe kwa jibu lake lilelile la utaratibu, na kwa hilo hajaniacha nipumue mpaka leo. Likabaki jambo moja: uchunguzi wa tabia. Anakuja mtu kimyakimya, kavaa kiraia, anawauliza majirani kama binti anaishi pale kweli, anatembea na nani, ana mdomo wa namna gani. Anachoandika huyo ndicho kinachobaki.

"Mama, nakuomba kitu kimoja," Huwaria akaniambia. "Usiwafundishe watu cha kusema. Wakijua familia imeingilia, faili langu limekwisha. Wewe kaa kimya tu."

Kukaa kimya! Mimi, Khaira, ambaye mlango wangu haufungwi mpaka kahawa iishe mtaa mzima! Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikashuka. Sikumfundisha mtu yeyote chochote. Nilisema maneno saba tu: "Akija mtu kumuulizia Huwaria, chungeni midomo yenu."

Nilimwambia Bakhta, anayeuza karantika mlangoni pa ua, ule mkate wenye mchanganyiko wa dengu moto ndani yake. Nilimwambia Kada, ambaye siku hizi anauza sigara pembeni mwa ua, bado bila kibali. Nilimwambia Haji Miludi, kinyozi. Bakhta akanikonyeza. Kada akaweka mkono kifuani. Haji Miludi akainua wembe juu kama anayekula kiapo. Ule ukonyezo ungetosha kunishtua, lakini mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi, roho nyeupe.

Mtu mmoja tu sikumwambia. Zulikha, wa ghorofa ya pili, chini yangu kabisa. Sisi hatusemeshani mwaka wa saba huu. Alikuwa ameanika sufu kwenye kibaraza chake, sufu ya magodoro ya harusi ya binti yake, imefuliwa, nyeupe kama maziwa. Mimi nikaosha sakafu yangu kwa maji ya jiki nikayasukuma nje kwa fagio, kama nilivyofanya maisha yangu yote, yakaishukia. Aliyoyasema siku ile siwezi kuyaandika. Niliyomjibu, wala. Tangu hapo tukikutana kwenye ngazi tunazungumza kupitia mtu wa tatu, hata kama mtu wa tatu ni mtoto mchanga. "Mwambie huyo wa juu apunguze redio." "Mwambie huyo wa chini redio haina mguu, haitamfuata."

Basi niliogopa mdomo mmoja tu mtaani, na ulikuwa huo.

Akaja Jumanne, saa nne asubuhi. Huwaria alikuwa kazini, kwenye duka la madaftari. Mimi nilikuwa kibarazani napepeta ngano. Nikamwona kijana mmoja anaingia uani, kavaa suruali ya kawaida, shati la kawaida, faili kwapani, na viatu vinavyong'aa kama sahani ya mahari. Nani anavaa viatu vile Jumanne? Nikajua. Nikarudi nyuma ya pazia, nikaanza kusoma dua zote ninazozijua na mbili nilizozitunga.

Akasimama kwa Bakhta, akanunua mkate. Wakaongea. Akaenda kwa Kada pale pembeni na sigara zake. Wakaongea. Akaingia kwa kinyozi. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Haikupita muda, mlango wangu ukafunguliwa, Bakhta huyo, anahema kwa furaha.

"Shosti, lala usingizi! Nimemmaliza!"

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia, Huwaria? Huwaria gani? Nimeuza hapa miaka thelathini, sijawahi kusikia jina hilo."

Kabla sijapata pumzi, Kada akaingia, meno yote nje. "Dada, leo deni la kabati nimelilipa! Nimemwambia Huwaria alishapanda boti, yuko Hispania, mwaka wa pili. Nikalia na kidogo."

"Ukalia!"

"Machozi mawili. Jicho la kushoto."

Nyuma yake Haji Miludi, taulo begani, amemwacha mteja na povu nusu uso. "Mimi nimekata mzizi kabisa. Nimemwambia jengo lile ni wajane na paka. Msichana hata mmoja hamna."

Nikakaa chini, palepale, juu ya ngano.

"Mmefanya nini? Mmefanya nini nyinyi?"

"Si umesema tuchunge midomo!"

"Nilimaanisha mseme mazuri!"

Wakatazamana. Bakhta akaweka mikono kiunoni. "Khaira, tangu lini kuchunga mdomo ikawa ni kusema?"

Na maana hiyo mimi ndiye niliyewafundisha, kwa mikono yenye unga.

Kada akageuka. "Basi ngoja nishuke, nimwambie nilichanganya, yule wa Hispania ni Huwaria mwingine."

"Ukishuka atajua umetumwa! Keti!"

Akaketi. Nikachungulia. Kijana alikuwa amekaa kwenye mkahawa wa mlangoni, ameagiza kahawa. Faili liko wazi mezani. Anatafuta kalamu mfukoni. Miezi minane ya alfajiri, saa ya mayai, mtihani, mbio, vyote vilikuwa ndani ya hiyo kahawa, na ilikuwa ya kikombe kidogo. Akimaliza kuinywa ataandika: anwani ya uongo, mhusika yuko ng'ambo. Mwakani umri umempita. Na mimi siwezi kwenda kumwambia, "Mwanangu, mimi ndiye mama yake," kwa sababu mama yake ndiye hasa asiyetakiwa kuonekana.

Nikatazama chini, na macho yakaangukia kibaraza cha Zulikha. Shuka nne. Nyeupe. Zimefuliwa asubuhi ile, zimenyooshwa kama karatasi za serikali.

"Bakhta," nikasema, "nipe ile ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ile. Na chupa ya jiki."

Haji Miludi akaelewa kwanza. "Khaira, usifanye hivyo. Huyu mwanamke atakuua."

"Aniite kwa jina langu lote kwanza, ndipo aniue."

Nikamwaga. Sikusukuma kwa fagio, nilimwaga, ndoo nzima. Ua wote ukasikia maji yakitua. Kikapita kimya cha kuhesabu moja, mbili. Kisha mlango wa kibaraza cha chini ukapigwa ukutani.

"KHAIRA! Khaira mama Huwaria! Ee watu wa ua huu, njooni mwone! Sufu haikumtosha!"

"Nimeteleza!" nikajibu, ndilo neno la kwanza kumwambia katika miaka saba.

"Umeteleza ulimi, mguu uko palepale! Wewe na huyo binti yako Huwaria mtanitoa roho! Wewe maji, yeye miguu! Miezi minane, kila alfajiri, anashuka ngazi kama farasi wa harusi! Mtu mwenye adabu analala, yeye anakimbia!"

Pale mkahawani kikombe kikasimama hewani. Kijana akainua uso.

Zulikha alikuwa ameshafika mbali. "Mwanangu ameegesha pikipiki mlangoni, dakika tano tu, dakika tano! Huwaria kasimama naye mpaka akaiondoa! Siku ile ya foleni ya maziwa, mimi na magoti yangu haya, nimesogea mbele kidogo tu, ananiambia, 'Mama Zulikha, mstari unaanzia kule.' Mimi! Niliyembadilisha nepi! Nimepoteza mkoba wangu, kauokota yeye, unadhani kanipa? Kanitaka nitaje kwanza kilichomo! Mbele ya watu! Mpaka nikataja meno yangu ya akiba!"

Watu wakacheka madirishani. Kijana akasimama, faili mkononi, akaja mpaka katikati ya ua.

"Samahani, mama. Huyo Huwaria anaishi humu?"

"Anaishi? Angekuwa amehama ningechinja kondoo!"

"Tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa! Nilimsikia akilia kupitia dari, na hata kulia alilia kwa zamu!"

"Niliambiwa yuko Hispania."

"Nani kasema? Kada?" Zulikha akainama nje ya kibaraza. "Kada hajui hata yeye mwenyewe yuko wapi!"

Chumbani kwangu Kada akajifunika uso kwa taulo la kinyozi.

"Na marafiki zake, mama? Anatembea na watu wa namna gani?"

"Marafiki! Nani atamvumilia? Uongo hasemi, mchezo hana, jioni yuko na vitabu. Msichana kama huyo anafaa kufungiwa mahali wanapofungia watu wa namna yake!"

"Mahali gani?"

"Unaniuliza mimi? Kituo cha polisi!"

Kijana akaandika. Aliandika sana, akageuza ukurasa, akaandika tena. Kisha akafunga faili, akarudi mkahawani, akamalizia kahawa yake akiwa amesimama, na viatu vyake vikatoka uani vikimetameta.

Saa sita mchana Bakhta akanipandishia shuka nne zenye madoa ya njano. "Huyo wa chini anasema uzifue, na uziloweke usiku kucha."

"Nitazifua."

"Na anasema," Bakhta akashusha sauti, "viatu vile aliviona kabla yako. Alikuwa nyuma ya pazia lake tangu saa nne, anasikia upuuzi wetu mmoja mmoja, anajiuliza lini yule mjinga wa juu atampa sababu ya kufungua mdomo."

Nilizifua kwa mkono, mara tatu. Nikazipiga pasi. Nikamtuma Bakhta azirudishe, na Zulikha akamtuma aniambie pembe moja haijanyooka.

Huwaria alipoambiwa yote, alivua viatu, akavipanga mlangoni. "Mama, umeingilia uchunguzi."

"Nimemwaga maji."

"Ni sawa na kuingilia."

"Basi nikamate. Kazi yenyewe hujaipata."

Barua ya kukubaliwa ilifika baada ya miezi mitatu. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na Kada akalia, safari hii kwa macho yote mawili. Aliahidi kutafuta kibali cha biashara, maana mpwa wake ameshamwonya kwamba atakaporudi na sare, sigara zile ataanza nazo.

Asubuhi ya kuondoka kwenda chuoni, Huwaria alishuka na begi lake, polepole, kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Alipofika ghorofa ya pili akasimama, akagonga. Mlango haukufunguliwa. Akaubusu ubao kama mtu anayembusu mkono wa mkubwa, akashuka.

Mimi nilimfuata mpaka mlango wa jengo na kikombe changu cha maji ya kumwaga nyuma yake, ili njia imrudishe salama. Akanikumbatia, akaanza kuvuka ua, na mimi nikainua kikombe. Sikuwahi. Kutoka juu kilishuka kishindo cha ndoo nzima. Nusu ilitua nyuma ya visigino vya binti yangu, mahali pake hasa. Nusu ya pili ilinitua mimi, kichwani mpaka kwenye ndala.

Ua wote ukapiga vigelegele.

"Bakhta!" Zulikha akaita kutoka kibarazani. "Mwambie huyo wa juu nimeteleza!"

Huwaria, pale uani, alicheka mpaka begi likamponyoka. Mimi nilisimama nikichuruzika maji, nikajiandaa kujibu, jibu la miaka saba nilikuwa nalo mdomoni. Kisha nikainua mkono wa kanzu puani, nikanusa.

Hayakuwa na jiki. Alikuwa ametia maji ya maua ya mchungwa, yale tunayowanyunyizia maharusi.