Gitaa Jeusi la Happy

Kwa miaka kumi na mmoja Tekla alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya usharika wao pale Mlandege, Iringa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na gitaa lake mwenyewe. Alilopiga lilikuwa la kwaya. Lilifungiwa ofisini kwa mwinjilisti, likatolewa siku za mazoezi na Jumapili, na ibada ikiisha likarudishwa ndani na ufunguo ukageuzwa. Nyumbani alikuwa na cherehani ya kushonea sare za shule, watoto wawili, na mume dereva wa lori aliyeonekana mara mbili kwa mwezi. Kila alipofikiria kujinunulia gitaa, kilizuka cha muhimu zaidi. Watu walimsifu kwamba mkono wake ni mwepesi, naye akazoea kusifiwa kwa kitu kinacholala nyumba nyingine.

Mkono huo aliupata kwa wizi. Baba yake, Mzee Gwakisa wa Mbeya, alipiga gitaa kwenye bendi ujanani, na gitaa lake lilining'inia kwenye msumari chumbani. Tekla alipokuwa na miaka kumi na miwili, baba alikuwa akienda Ubaruku kuangalia mashamba yake ya mpunga, wiki nzima wakati mwingine, na mtoto akawa anapanda kitandani na kulishusha. Siku moja mzee akarudi mapema. Hakumpiga. Alilichukua mikononi mwake, akasema mtoto wa kike na gitaa mwisho wao ni baa, na kabla wiki haijaisha akaliuza kwa mtu wa Chunya. Msumari ulibaki ukutani. Mama alipofariki, mzee akaoa tena, akazaliwa Happy, Tekla akiwa na miaka kumi na sita.

Happy alipofika Iringa kusomea ualimu, alifikia kwa dada yake. Tekla alimpenda. Alimpisha chumba cha kulia chakula, akamshonea sketi mbili, akamwonyesha njia za kukwepa mlima akitoka chuoni. Happy alikuwa mtu wa kucheka, wa kuosha vyombo bila kuambiwa, na kila Jumapili aliketi benchi la mbele akitazama vidole vya dada yake. Kwa hiyo haikupaswa kumshangaza Tekla simu ilipolia mchana mmoja, naye anapinda ukosi wa shati, na baba yake akasema mpunga umeuzika vizuri mwaka huu, na mdogo wako ameniomba gitaa.

"Wewe ndiye unayejua," mzee akasema. "Mpeleke dukani, mchagulie zuri. Nataka mwanangu apige."

Tekla akasema sawa, baba. Akaweka simu chini. Alipokanyaga tena cherehani, sindano ilipita nje ya mstari kabisa.

Jumamosi walikwenda mjini, katika duka la mtu anayeitwa Alawi, ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa za vitambaa, lakini yeye mwenyewe akaamua kuuza spika, nyaya na vyombo vya muziki. Magitaa makavu, yale yasiyotumia umeme, yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa na ufa, Alawi mwenyewe akaliweka kando. La pili lilikuwa dogo, rangi ya asali, nyuzi zake za nailoni, zimelala karibu na shingo kiasi kwamba kidole kikigusa tu sauti inatoka. Tekla alilipakata ajaribu, na kwa dakika chache alisahau alichokuja kufanya. Lilimkaa kifuani kana kwamba lilipimwa kwake. Alipiga pambio la Pasaka, Alawi akaacha kuhesabu nyaya zake akasikiliza.

Alipoinua macho, Happy alikuwa amesimama mbele yake, uso umejaa furaha, mikono ameinyoosha kidogo kama mtu anayengoja kupewa mtoto abebe.

Hapo ndipo kitu kikageuka ndani ya Tekla. Alijiona yuko juu ya kitanda cha baba yake, sikio liko mlangoni. Alimwona huyu aliyesema neno moja tu kwenye simu, akapewa. Akalirudisha gitaa dogo ukutani, akashusha la tatu.

La tatu lilikuwa kubwa, jeusi, linang'aa mpaka unajiona usoni mwake. Nyuzi zake zilikuwa za chuma, nene, na zilisimama juu ya shingo mbali sana, ungeweza kupitisha penseli katikati. Mtu mwenye mkono mkomavu angelimudu. Mwanafunzi lingemla vidole. Tekla aliligusa mara moja, akajua.

"Chukua hili," akasema. "Lile dogo ni la watoto. Utalichoka kabla ya mwezi."

Happy aliliangalia lile la rangi ya asali mara moja tu. Akasema dada akisema ni hili, basi ni hili. Akalipiga picha, akatoka nje kumtumia baba. Alawi alibaki akilifunga lile jeusi kwenye mfuko wake, taratibu.

"Dada, kama ni kwa yule binti, hili litamsumbua," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe unajua. Nimekusikia unavyopiga."

Tekla akamjibu kwamba anamjua mdogo wake, na kwamba kila mtu hujifunza kwa kuumia. Alawi akafunga zipu ya mfuko, kwani mteja ni mteja.

Wiki ya kwanza vidole vya Happy vilivimba. Ya pili, ngozi ilipasuka, akawa anavifunga plasta na kuendelea. Alikaa kwenye kigoda uani baada ya vipindi, lile gitaa limemfunika nusu ya mwili, akibonyeza nyuzi kwa nguvu zake zote, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu na ya kukatika kama ya kuni zinazovunjwa. Alikuja kuuliza kama anakosea. Tekla alimwambia avumilie, wote walipita huko. Alilisema bila kuacha kushona. Na ukweli usiopendeza ni kwamba alisikia raha. Kila sauti mbovu iliyotoka uani ilimpoza mahali fulani palipokuwa pakiwaka tangu utotoni.

Ila raha hiyo haikukaa peke yake. Mzee alikuwa akipiga simu kila Jumapili jioni, naye akitaka asikilizishwe. Happy aliweka simu juu ya kigoda na kupiga kile kidogo alichokijua, vibaya, huku akiomba radhi, na kule Mbeya mzee akacheka kwa furaha na kumwambia mwanangu, tena, rudia. Tekla alisimama jikoni na mwiko mkononi. Tangu aanze kwaya, baba yake hakuwahi kumsikia akipiga hata mara moja, si kwa simu wala ana kwa ana. Miaka kumi na mmoja ya Jumapili, na hakuwahi kuuliza. Ugali uliungua chini siku hiyo, watoto wakala ukoko.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, Happy aliacha kukaa uani. Alisema, akiwa anapepeta mchele na macho yakiwa kwenye ungo, kwamba labda yeye hana mkono wa gitaa. Wengine wanazaliwa nao, kama dada. Ataliuza, amrudishie baba hela yake. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, kwa hiyo atalipeleka kwanza litiwe mwingine, lisije likaonekana bovu.

Ndicho Tekla alichokitaka. Alikipata chote, na kwa siku moja nzima alitembea nacho. Alikwenda nacho sokoni, akakifikisha mazoezini, akapiga vizuri kuliko kawaida. Lakini aliporudi aliona plasta zilizotumika kwenye kindoo cha taka, nyingi, zimekunjwa vizuri moja moja ili watoto wasione damu na kuogopa, akachuchumaa akaanza kuzihesabu.

Kesho yake Happy alikwenda kwa Alawi. Alikaa sana. Aliporudi, alilisimamisha gitaa ukutani bila kulitoa kwenye mfuko, akavuta kigoda mbele ya cherehani, akakaa. Tekla alijua kabla hajasema.

"Alawi ameuliza kwa nini nauza," Happy akasema. "Nimemwonyesha vidole. Akasema alikuambia siku ile ile."

Tekla alianza kusema kwamba wenye maduka wana maneno mengi. Akasikia sauti yake ilivyo, akaiacha sentensi njiani.

"Ulijua, dada?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Tekla alitazama mikono yake. Angeweza kueleza habari za msumari na mtu wa Chunya, na ingekuwa kweli, lakini aliona kwamba akianzia huko atakuwa anajisafisha. "Nilikuonea wivu," akasema. "Nilitaka likuume."

Happy hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema limemuuma, kweli. Alisema kwamba jambo gumu si vidole. Kila alipoumia alikuwa akijilaumu mwenyewe, na dada alikuwa akimsikia na kumwacha ajilaumu. Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mawe ya Gangilonga, alibeba begi lake na gitaa lake akahamia hosteli kwa rafiki yake Amna. Watoto walimsindikiza hadi barabarani. Waliporudi waliuliza amekwenda wapi, na mama yao akawatuma waoshe vyombo.

Tekla hakungoja baba aambiwe na mwingine. Ijumaa alipanda basi la asubuhi kwenda Mbeya. Alimkuta mzee ameketi barazani anachambua maharage, koti la baridi limemzidi mabega. Tekla alipiga magoti akamsalimu, na kabla chai haijaletwa akamwambia yote, mwanzo hadi mwisho. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshafungua mdomo, akamuuliza jambo alilokaa nalo miaka ishirini na minne: kwa nini yeye alinyang'anywa gitaa likauzwa, na mwenzake ananunuliwa.

Mzee aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa la pili.

"Ulinikuta bado naogopa watu," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimetoka baa juzi juzi. Niliwaona wasichana waliokuwa wakiimba nasi, na walivyosemwa. Nilikusikia unapiga siku ile, nimesimama mlangoni, na ulikuwa unapiga vizuri. Ndiyo maana niliogopa. Sasa nimezeeka, siogopi mtu. Happy amekuta mlango wazi. Si haki, mwanangu. Nakiri."

Tekla alisubiri neno jingine, la kumponya, lakini halikuwepo. Mzee alisema tu kwamba lile lilikuwa kosa lake yeye, na hili la Happy ni la Tekla, na kwamba hawezi kulibeba kwa niaba yake. Kisha akamwambia aingie ndani akale. Wakati wa kuondoka alimsindikiza hadi stendi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na basi lilipoanza kuondoka akamuuliza kupitia dirishani ibada yao Jumapili huanza saa ngapi.

Iringa, Tekla alipitia kwa Alawi kabla hata ya kufika nyumbani. Alitaka kubadilisha, aongeze chochote kile. Lile la rangi ya asali lilikuwa limeshanunuliwa. Alawi akamwambia asijisumbue: mdogo wake hakuliuza lile jeusi. Alirudi nalo juzi, wakakaa wote wawili na tupa mkononi, wakasugua kile kijiti kinachobeba nyuzi mpaka zikashuka, wakafunga nyuzi nyembamba. Sasa linapigika. Siyo zuri sana, lakini linapigika.

Tekla alikwenda hosteli. Hakuingia; alisimama getini, Happy akaja akiwa amevaa kandambili. Tekla alimwomba msamaha, maneno machache, bila kumtaja baba. Happy alisema amesikia. Alisema hawezi kusema imekwisha wakati haijaisha. Wakaachana hapo, na Tekla alipanda mlima hadi nyumbani akipumzika mara tatu njiani.

Zilipita wiki sita. Mvua zilipokolea, chumba cha hosteli kikaanza kuvuja, na Happy akatokea mlangoni na begi lake na gitaa lililofunikwa kanga. Alisema atarudi kukaa, kama nafasi ipo, lakini kwa sharti moja.

"Usinifundishe," akasema. "Nitajifunza mwenyewe."

Tekla akakubali. Na halikuwa jambo dogo kama lilivyosikika, maana kila jioni Happy alikaa kibarazani akifuata masomo kwenye simu, na Tekla, ukuta mmoja tu katikati, alisikia kila kitu. Alisikia mkono wa kulia unavyozidi kulainika. Alisikia pia kosa moja, pale pale kila mara, katika kutoka kodi moja, ule mpangilio wa vidole juu ya nyuzi, kwenda nyingine: uzi mmoja ulikuwa unakufa, kwa sababu kidole kimoja kililala juu yake. Angeweza kulirekebisha kwa neno. Aliuma ulimi, akakanyaga cherehani. Wiki mbili kosa lilirudi, naye wiki mbili akanyamaza, na mara nyingine hakujua kama ananyamaza kwa heshima au kwa ule ugonjwa wake wa zamani. Alijichunguza sana.

Jumamosi moja mchana, mvua imekatika, muziki ukasimama pale pale ulipozoea kusimama.

"Dada," Happy akaita. "Njoo mara moja. Hapa nakosea nini?"

Tekla aliacha cherehani, akatoka na uzi bado umemning'inia begani. Alichuchumaa mbele yake. Ncha za vidole vya Happy zilikuwa zimekomaa, ngumu kama za kwake. Alikishika cha tatu, akakisimamisha wima, kisha akaondoa mkono.

"Sasa piga."

Happy akapiga. Sauti za nyuzi zote sita zikatoka, safi, na pana kuliko gitaa la kwaya lilivyowahi kutoa. Tekla alisikia ule wivu ukimchoma palepale pake, kwa ncha tu. Akauacha uchome. Akamwambia mdogo wake arudie, polepole, na bado amechuchumaa mbele yake akaanza kuimba sauti ya chini.